Wanaruka, Inaruka

Saa kumi na mbili kasorobo, jua la Kibimba limeanza kulegea.
Nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya mfereji wa tatu,
kamera shingoni, deni lake mfukoni.
Mjini Bugiri napiga picha za kitambulisho:
masikio yote mawili yaonekane, usicheke, pazia jeupe.
Leo nataka kitu kisichotulia nikikiambia tulia.

Kwanza wanarudi kwelea.
Hawahesabiki; ni shuka lililokung'utwa na mtu asiyeonekana,
linakunjuka, linageuka, linajikunja ndani ya matete
kulala na shibe ya mpunga wa watu.
Tangu Jumatatu watoto wamegonga madebe hadi viganja vikavimba.
Kwelea wamezoea. Debe kwao ni kengele ya chakula.

Kisha inakuja ndege.
Ya njano kama pera lililoiva mno, tumbo zito,
chini chini, hata nasoma namba ubavuni
na kuona kofia ya rubani ikigeuka.
Lugha imewapa jina moja, wale wa manyoya na hii ya bati,
ikatuachia silabi ya mbele ituamulie:
wanaruka, inaruka.
Upana wa mlango kati ya mwizi na askari.

Rubani anapiga dawa, mimi napiga picha,
watoto walipiga kelele, Magoola anapiga miluzi.
Wote tunapiga. Wanaoanguka ni wale wale.

Magoola ndiye mwenye bendera.
Anasimama ukingoni mwa matete, fulana ya uchaguzi uliopita,
kitambaa cheupe juu ya ufito,
rubani aone mstari unapoanzia.
Ikishapita, anahesabu hatua ishirini, anasimama tena.
Alinieleza hesabu hiyo kwa fahari,
kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala.
Barakoa? Ipo, alisema. Ipo ofisini.

Picha ya kwanza: anga tupu, na mkia pembeni.
Ya tano: kivuli cha bawa kikivuka mfereji, bawa lenyewe halipo.
Ya tisa, ya kumi: ukungu mweupe,
ungedhani maziwa yamemwagika hewani,
ungeuita mzuri. Niliuita mzuri.
Upepo ukageuka kidogo, nikaonja ulimini kitu kama sarafu.

Usiku, studio, nikaikuza ya kumi na saba.
Ndege imekatwa nusu, kosa la mwanafunzi.
Lakini chini kabisa, mdogo kuliko punje,
Magoola ameinua bendera, uso ameuficha kwapani,
kama mtoto anayeoshwa kichwa kwa sabuni.
Nyeupe juu yake, nyeupe mkononi mwake.
Asiyejua angesema anasalimu amri.

Asubuhi alikuja, macho mekundu, akicheka.
Alitaka ile yenye ndege nzima, ampelekee mama yake huko Nabukalu.
Nikamwambia hakuna yenye ndege nzima.
Akaitazama ya kumi na saba, kimya, kisha akauliza:
"Huyu ni nani?"
Nikasema, wewe.
Akaisogeza dirishani, akaigeuza,
akaangalia mgongo wake kana kwamba jina limeandikwa huko.

Nje, msichana alipita na beseni la kwelea,
midomo myekundu yote imeelekea upande mmoja.
Kipaza sauti kilishakataza jana.
Sufuria hazina masikio.

"Basi nipige hapa hapa," Magoola akasema, "mama anione uso."
Nikavuta pazia jeupe nyuma yake.
Masikio yote mawili. Usicheke.
Hakucheka.
Alikohoa, na picha ikatoka imetikisika.